Nani Aliyeyaua Matumbawe? Upelelezi Ndani ya Hodhi la Kioo

Nchi yetu haina bahari, na matumbawe ni viumbe wa bahari ya joto. Hata hivyo tumeona yafaa tuwaandikie wasomaji wetu wa jeshini na wa polisi habari za matumbawe yanayofugwa nyumbani, ndani ya mahodhi ya kioo, katika miji ya Ulaya na Marekani ambayo nayo iko mbali na bahari ya joto kama tulivyo sisi. Matumbawe hayo yanapoanza kufa, mwenye nyumba hulazimika kufanya kazi ile ile aifanyayo askari wa upelelezi afikapo mahali palipotokea kifo. Hana budi kujua ni nani aliyekufa kwanza, amekufaje, saa ngapi, na ni nani aliyepita mlangoni kabla ya hapo. Katika kazi hiyo wengi hushindwa, wala si kwa kukosa vyombo vya kupimia. Hushindwa kwa sababu humkamata mshukiwa wa kwanza wamwonaye, wakafunga jalada, na usiku huo huo mwuaji wa kweli huendelea na kazi yake.

Askari wetu waliopata kutumikia Mogadishu, tangu kikosi cha kwanza cha Uganda kilipopelekwa huko mwezi wa Machi 2007, wameyaona matumbawe kwa macho yao, ingawa yamkini si wote waliotambua. Kuta za nyumba za kale za mitaa ya Hamar Weyne na Shangani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama zilivyojengwa zile za Lamu, za Mombasa na za Kilwa. Lakini yale ni mifupa tu. Mwenye mifupa hiyo alipokuwa hai alikuwa kitu kingine kabisa.

Tumbawe si jiwe, wala si mmea. Ni mnyama, au tuseme ni ukoo mzima wa wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja akiwa na kinywa kimoja kilichozungukwa na mikono myembamba, na wote wameunganishwa na ngozi moja nyororo. Chini ya ngozi hiyo hujijengea mifupa ya chokaa, na chokaa hiyo huichota katika maji. Ndani ya ngozi huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Rangi ya kahawia ya matumbawe mengi ni rangi ya mwani huo. Basi mwenye hodhi hafugi kiumbe mmoja. Hufuga wawili waliofunga mapatano, na mara nyingi kifo huanzia pale mapatano yanapovunjika.

Kwa muda mrefu ilisadikiwa kuwa jambo hili haliwezekani. Matumbawe yaliyotolewa baharini yalidumu majuma machache ndani ya kioo, kisha yakafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Jakarta alionyesha kuwa yanaweza kuishi iwapo hodhi litajazwa maji halisi ya bahari na mawe yaliyochukuliwa baharini pamoja na vijidudu vyake vyote, kisha hewa ikapulizwa ndani yake. Baadaye wafugaji wa Berlin, mmoja wao Dietrich Stüber, waliongeza taa kali na chombo kinachokokota uchafu kwa povu kabla haujaoza. Matawi waliyoyakata katika matumbawe yao waliwagawia wenzao, na vizazi vya matawi hayo vikasambaa katika nyumba nyingi za Ulaya. Leo kazi hii ina wafuasi wengi sana. Na kila mwenye hodhi, hata aliye hodari, siku moja huamka akakuta tawi jeupe.

Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Mtu huona weupe, akasema tumbawe limekufa. Lakini weupe ni wa namna mbili, na tofauti yake ni sawa na tofauti ya mtu aliyezimia na maiti. Katika namna ya kwanza ngozi ingali ipo, ila imekuwa kama kioo, na mifupa inaonekana kupitia ndani yake. Ukitazama kwa lenzi ya kukuzia utaona polipi wamo na mikono yao, na ukiwapa chakula cha unga usiku watakipokea. Hapa mwani umefukuzwa. Tumbawe lina njaa lakini li hai, na laweza kurudisha rangi yake baada ya majuma kadhaa likiondolewa lililolisumbua. Wataalamu husema limepauka, na washukiwa wakuu ni wawili: joto lililozidi, na mwanga uliozidi ghafula. Mtu aliyeng'oa taa zake za zamani Jumamosi akafunga taa mpya za LED kwa nguvu zake zote, naye Jumatano akakuta matumbawe ya juu yamepauka na ya chini yako salama, hana haja ya kumwita mpelelezi.

Kupauka kwa joto ndiko kulikoteketeza sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 1998, bahari ya Hindi ilipopata joto lisilo la kawaida. Wataalamu walitangaza tena mwezi wa Aprili 2024 kuwa dunia nzima imo katika kupauka kwa namna hiyo, na hiyo ilikuwa mara ya nne kuandikwa. Baharini yatosha joto lipande digrii moja tu juu ya lile la mwezi ulio wa joto kuliko yote kwa kawaida, nalo likae hivyo majuma kadhaa. Hodhi la nyumbani ni maji machache, kwa hiyo hita moja iliyogoma kuzimika yaweza kufanya katika usiku mmoja kazi ambayo bahari huifanya kwa majuma mengi.

Weupe wa namna ya pili ni maiti. Ngozi imebanduka, mifupa iko uchi, na baada ya siku chache utando wa kijani wa mwani wa kawaida utaifunika. Lakini maiti nayo husema. Mpelelezi mwema hatazami sehemu iliyokufa. Hutazama mpaka ulio kati ya iliyokufa na iliyo hai. Mpaka ukipanda polepole kutoka shinani kwenda juu, milimita chache kwa siku, mara nyingi chanzo ni maji yasiyotulia, au mkondo hafifu uletao uchafu kutuama shinani, au kivuli. Ngozi ikivuka kwa saa chache, tawi zima likawa uchi kabla ya jua kuchwa, hapo hakuna nafasi ya mjadala: wafugaji hukata matawi yaliyosalia, mbali na mpaka ule, na kuyahamisha. Ukiona ute wa kahawia unaoning'inia kama makamasi, ndani yake mna vijidudu vingi mno viogeleavyo kwa vinyweleo. Hao mara nyingi ni kama tai: hufika penye jeraha lililofanywa na mwingine. Lakini tofauti na tai, wakishafika huendelea kumla aliye hai, kwa hiyo hufaa kufyonzwa na kuondolewa upesi hata kabla ya kujua ni nani aliyejeruhi. Na ukiona madoa madogo ya mviringo, yamepauka, yametawanyika juu ya ngozi nzima, hayo ni alama za meno, nasi tutarudi kwake yule aumaye.

Baada ya kujua kifo ni cha namna gani, lazima ichorwe ramani. Wasomaji wetu wa polisi hawahitaji kufundishwa faida ya ramani ya mahali pa tukio. Yakifa matumbawe ya jina moja tu, na majirani zake wa jina jingine wako wazima, shuku mdudu au ugonjwa wa aina hiyo. Yakifa ya upande mmoja wa hodhi tu, tazama kilichoko upande huo. Yakiugua yote kwa siku moja, ya juu na ya chini, magumu na laini, basi mwuaji yumo ndani ya maji yenyewe. Na wakitangulia kufa uduvi na konokono, huku samaki wakiogelea bila wasiwasi, shuku shaba au dawa ya wadudu. Viumbe hao hawavumilii hata kiasi kidogo cha vitu hivyo ambacho samaki huvumilia. Nyumba ngapi hupulizwa dawa ya mbu huku pampu ya hewa ya hodhi ikinguruma pembeni, ikivuta kila kitu kilichomo chumbani na kukipeleka majini!

Kisha huja kitabu cha matukio. Kila kituo cha polisi kina kitabu hicho, na afisa yeyote ajua kuwa kesi nyingi hufumbuliwa na mstari mmoja ulioandikwa na askari wa zamu asiyejua kuwa anaandika jambo kubwa. Mwenye hodhi asiyeandika tarehe ya kubadili maji, ya kufungua mfuko mpya wa chumvi, ya kuongeza samaki, ya kuosha chujio na ya kupima, huyo hapelelezi, anabahatisha. Matumbawe hayafi siku ile ile yalipokosewa. Mara nyingi kosa hutangulia kwa juma moja, mawili, hata matatu.

Na mashahidi? Mashahidi wa hodhi ni vipimo, na baadhi yao ni waongo wakubwa. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo. Wapo wanaopima kwa kijisanduku cha plastiki chenye mshale unaoelea. Kiputo kimoja cha hewa kikinata kwenye mshale huo, huuinua, na kipimo husema chumvi ni nyingi kuliko ilivyo. Mwenye nyumba huongeza maji baridi ili kupunguza chumvi isiyokuwako, nayo matumbawe yakazidi kukosa chumvi siku hata siku. Kipimo cha lenzi ni bora, lakini nacho husahihishwa kwa maji ya chumvi yenye kiasi kijulikanacho, kwa kuwa kipimo kiwezacho kusema kweli juu ya maji matupu chaweza kudanganya juu ya maji ya bahari. Dawa za kupimia nazo huzeeka. Shahidi mmoja hatoshi: jambo zito lipimwe kwa chombo cha pili, ikiwezekana cha mtu mwingine.

Chumvi ina hila nyingine ambayo huwanasa wanaoanza. Maji hukauka, chumvi haikauki. Tuseme hodhi lina lita 400 na kila siku lita 8 hupaa kwa mvuke. Mwenyewe akisafiri siku tano bila mtu wa kuongeza maji, atarudi akute lita 360 zenye chumvi ile ile ya lita 400, yaani karibu gramu 39 badala ya 35. Sasa kwa hofu hujaza upesi lita 40 za maji matupu, na matumbawe yaliyopigwa upande mmoja hupigwa upande wa pili ndani ya saa moja. Mwingine hujazia maji ya chumvi kila siku, akidhani anatenda wema. Hodhi lake hupanda kidogo kidogo, na hakuna siku hata moja atakayoweza kuinyoshea kidole.

Lakini kesi ngumu kuliko zote ni ile ambayo matokeo hujivika nguo za chanzo. Tutaieleza kwa mfano, maana ndani yake mna fundisho zima la kazi hii. Mtu ana hodhi lenye matumbawe magumu ya matawi. Ili yajenge mifupa huhitaji kalsiamu, miligramu 400 na kidogo katika lita, pamoja na akiba ya kaboneti ambayo wafugaji huiita alkali na kuipima kwa digrii za Kijerumani. Maji ya bahari yana digrii 7 hivi, naye hulishika hodhi lake kwenye 8. Kwa kuwa matumbawe hula akiba hiyo kila siku, amefunga pampu ndogo inayodondosha dozi ile ile usiku na mchana. Siku moja achukizwa na mwani wa kijani juu ya kioo, akanunua chembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfati, akatia nyingi. Baada ya majuma mawili fosfati imekwisha kabisa. Maji yanang'aa kama hewa. Wageni wanasifu.

Matumbawe hayasifu. Kiumbe hai hawezi kujenga mwili bila fosfati, walau kidogo, wala mwani uliomo ndani ya ngozi hauwezi. Rangi huanza kufifia na ukuaji husimama. Sasa tazama lifuatalo: matumbawe yaliyoacha kukua hayali alkali, bali pampu haijui. Inadondosha dozi ile ile. Alkali hupanda, 9, 10, 11, na ncha za matawi huungua zikawa nyeupe. Hapo mwenyewe hushtuka, hupima, hukuta 11, na kupiga kelele: mwuaji nimempata! Huilaumu pampu, hubadili maji mengi kwa siku moja na kuishusha alkali hadi 7. Pigo hilo la ghafula ndilo linalozibandua ngozi zilizokuwa zingali zimeshikilia. Jalada lafungwa kwa kuandikwa kuwa pampu iliharibika. Na zile chembe za chuma, zilizofungua mlango, zingali zimo ndani ya chujio, zikiendelea kunasa.

Wafugaji wenye uzoefu wameona mara nyingi kuwa alkali ya juu pamoja na maji yasiyo na lishe ni sumu ya pamoja, ingawa kila kimoja peke yake huvumilika. Kwa hiyo swali la kuulizwa mbele ya kipimo chochote kilichopotoka ni hili: je, hiki kilipotoka kabla ya matumbawe kuugua, au baada? Kitabu cha matukio peke yake ndicho kitakachojibu.

Ikiwa kuna msomaji anayedhani kuwa mambo haya ni ya wenye mahodhi madogo tu, na atazame jimbo la Arizona nchini Marekani. Huko, katikati ya nchi kavu, lilijengwa jumba la kioo na chuma liitwalo Biosphere 2, lenye msitu, mashamba, na bahari ndogo ya lita zaidi ya milioni mbili na nusu, pamoja na matumbawe yaliyoletwa kutoka bahari ya Karibi. Tarehe 26 Septemba 1991 watu wanane walifungiwa humo kwa miaka miwili, wakila walichokilima na kuvuta hewa iliyosafishwa na mimea yao. Upesi mambo mawili yalitokea. Hewa ya kaboni ilipanda ikawa mara kadhaa kupita ile ya nje, hasa majira ya baridi jua lilipopungua, na kwa kuwa hewa hiyo huyeyuka majini na kuyatia ukali wa asidi, walinzi wa ile bahari walilazimika kuitia magadi na kemikali za jamii hiyo ili matumbawe yasikose chokaa. Jambo la pili lilikuwa la ajabu zaidi: oksijeni ilipungua kutoka asilimia 21 hivi hadi 14 na kitu, hata mapema mwaka 1993 ikabidi iongezwe kutoka nje.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa udongo wa mashamba, uliojaa mbolea na vijidudu vyenye kupumua. Naye kweli alikuwa na hatia. Lakini hesabu haikuafiki. Kama vijidudu vilikula oksijeni yote ile, ilipasa hewa ya kaboni ipande kwa kiasi kile kile, nayo haikupanda kiasi hicho. Mali iliyoibwa ilikuwa wapi? Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, Jeffrey Severinghaus na wenzake, waliipata ndani ya kuta: saruji ya jumba lenyewe, ambayo haikupakwa rangi ya kuizuia, ilikuwa ikimeza hewa ya kaboni na kuigeuza chokaa. Walichapisha matokeo yao mwaka 1994. Miaka michache baadaye, bahari ile ile ilipogeuzwa kuwa maabara, Chris Langdon na wenzake walipima na kuona kuwa kaboneti ikipungua majini, matumbawe nayo hupunguza kujenga. Habari hiyo ni nzito kwa bahari za dunia, ambazo humeza karibu robo ya hewa ya kaboni itokayo katika moshi wa wanadamu.

Nyumba ya Ulaya wakati wa baridi ni Biosphere ndogo. Madirisha yamefungwa, watu wanne wanapumua, jiko la gesi linawaka, na maji ya hodhi huelekea asidi. Wafugaji wana jaribio rahisi ambalo sisi tumelipenda sana kwa ujanja wake. Huchota kikombe cha maji ya hodhi, hupima ukali wake, kisha hukitoa nje ya nyumba na kukipulizia hewa ya nje kwa saa moja, halafu hupima tena. Asidi ikipungua, mshukiwa ni hewa ya chumbani, na dawa yake ni dirisha. Isipopungua, tatizo liko ndani ya maji yenyewe, mathalani akiba ya alkali imekwisha. Hata hivyo tuseme haki: asidi ya chumbani kwa kawaida hupunguza ukuaji, haiui peke yake. Anayeikamata kwa kosa la mauaji atafute na mshiriki wake.

Kuna wauaji wasioonekana mchana. Mpelelezi huamka saa saba za usiku, taa za hodhi zikiwa zimezimwa, akashika kurunzi aliyoifunika karatasi nyekundu, kwa kuwa viumbe wengi wa baharini hawauoni vema mwanga mwekundu. Wakati huo matumbawe yaliyokuwa majirani wapole huonekana yakipigana. Tumbawe la jamii ya Galaxea hutoa mikono mirefu, kama urefu wa kiganja na zaidi, yenye chembe za kuchoma, na kila inapogusa huacha jeraha. Matumbawe laini hayana mikono ya vita. Yenyewe hutoa sumu ndani ya maji, na tumbawe gumu lililo mbali hudhoofika bila kuguswa. Dawa ya wa kwanza ni kutenganisha, na ya wa pili ni makaa maalumu ya kuchujia, yabadilishwe mara kwa mara.

Usiku ndipo aonekanapo pia yule wa alama za meno. Ni mnyoo bapa mwenye rangi ile ile ya tumbawe alilalo, hata ukimtazama humwoni. Hutaga mayai ya kahawia kwenye mifupa iliyokufa, karibu na mpaka. Kuchovya tawi katika dawa huwaangusha minyoo, lakini mayai hayaguswi. Anayechovya mara moja na kutangaza ushindi atavamiwa tena na watoto wao. Lazima achovye kila juma kwa majuma kadhaa na kuyakwangua mayai kwa mkono. Vilevile, kila tawi jipya liwekwe karantini kabla ya kuingia, maana adui huyu hakuzaliwa humo hodhini. Aliingizwa kwa mlango wa mbele, tena kwa fedha.

Mshukiwa wa mwisho tutakayemtaja ni chuma. Vifaa vingi vya hodhi hushikizwa kwa sumaku zilizovikwa plastiki. Plastiki ikipasuka ufa mwembamba kama unywele, maji ya chumvi huingia, sumaku hufanya kutu, na metali huvuja kimya kwa miezi. Hapo ndipo ile ramani hulipa gharama yake, maana mara nyingi huanza yaliyo karibu. Zipo maabara, Ujerumani na kwingineko, zipokeazo chupa ndogo ya maji kwa posta na kupima elementi zaidi ya 30. Kwa sababu hiyo askari mwema wa hodhi, kabla ya kumwaga hata kikombe kimoja cha maji ya zamani, huweka akiba ya chupa moja safi. Ukishabadili maji, ushahidi umekwenda na mfereji.

Huduma ya kwanza haina ubishi: badili sehemu ya maji kwa maji yenye chumvi na joto sawa, tia makaa, hakikisha pampu zinasukuma hewa, ondoa vilivyokufa ili visioze. Baada ya hapo, jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadili taa, chumvi, dozi na chujio siku moja hatajua kilichoponya wala kilichoua.

Na hapa ipo hatari ya mpelelezi mwenyewe, ambayo tungependa kila askari aijue. Baadhi ya polipi laini wa jamii ya Palythoa, ambao huota juu ya mawe ya hodhi na kuonekana wazuri, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zitokazo kwa viumbe. Huko Hana, kisiwa cha Maui katika Hawaii, masimulizi ya wenyeji yasema kuwa watu wa kale walipaka ncha za mikuki yao kwa kiumbe wa dimbwi fulani, na mwaka 1971 wataalamu walitangaza kuwa wameichambua sumu hiyo. Mtu akichemsha jiwe lenye polipi hao, au akilikwangua na kulimwagia maji ya moto ili kulisafisha, sumu huruka hewani pamoja na mvuke. Dalili ni ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana, maumivu ya misuli na homa. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia moja ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha hodhi lao, na askari wa zimamoto waliofika kuwaokoa nao pia wakapelekwa. Basi atakayeitwa penye nyumba ambamo watu wote wameanguka kwa homa na kukosa pumzi, akakuta hodhi la maji ya chumvi na mawe yaliyotolewa, afungue milango, awatoe watu, naye mwenyewe asikae humo.

Polisi na watu wa forodha wanayo sababu nyingine ya kuyatambua matumbawe. Tangu mwaka 1990 matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao nchi yetu ni mwanachama tangu 1991. Hayavuki mpaka bila hati, yakiwa hai au mifupa mikavu ya pambo. Matawi yaliyozalishwa nyumbani yamepunguza haja ya kuvunja miamba, lakini hayajaiondoa.

Mwuaji akishapatikana na kuondolewa, hodhi halibadiliki siku hiyo. Kwa juma la kwanza mpaka ule kati ya ngozi na mfupa hukaa palepale, nalo hilo tayari ni habari njema. Kisha, ikiwa mwani wa kijani haujashika sana, ukingo wa ngozi huvimba kidogo, huwa mnene na mweupe kama maziwa, ukaanza kutambaa tena juu ya mfupa wake wa zamani, milimita baada ya milimita. Mwenye hodhi hupiga alama ya kalamu kwenye kioo, mkabala na ukingo huo, na kuiandika tarehe kitabuni.